Bawa Ulilolikata Vizuri

Kerubo binti yangu,

Sweta limo sandukuni. Mama yako amelikunja, akalikunjua, akalikunja tena, na hata sasa namsikia chumba cha pili akifungua kufuli aone kama bado limo. Karanga zimefungwa kwenye kitambaa. Habari za nani atakupokea Nairobi, utalala wapi, ujihadhari na nani, ameshakueleza yeye pamoja na shangazi zako wote waliotoka Masimba kuja kukuaga, na mimi sina la kuongeza. Nina jambo moja tu. Nimelibeba tangu ulipokuwa darasa la sita, na daktari aliyenipima moyo juzi alizungumza nami kwa ule upole wanaokuwa nao madaktari wanapokuwa hawana dawa. Sitaki kwenda nalo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichojenga nyumba hii. Mama yako alipokuja hapa kutoka kando ya ziwa hakujua neno la Kigusii, na Kijaluo changu kilikuwa cha kununulia samaki. Tukachumbiana kwa Kiswahili cha shuleni, tukagombana kwa hicho hicho, nawe ulipozaliwa tukakubembeleza kwa hicho. Bibi yako alilalamika kwamba mjukuu wake analia kama karani wa bomani. Lakini ulipoanza kusema uliniita Tata, kama watoto wote wa kilima hiki wanavyowaita baba zao, na neno hilo moja likamtuliza.

Wiki iliyopita mlikuwa jikoni, wewe na mama yako, mkichambua maharagwe. Jioni alikuja akaketi kando ya kitanda changu.

"Baba Kerubo," akasema, "mtoto wako atasoma udaktari, lakini kisu hatashika."

"Kisu gani?"

"Cha kupasua watu. Anasema mikono yake si ya kuaminiwa. Afadhali akae na darubini na vichupa, mtu hai asiwekwe mbele yake."

Nilikuwa nikiipapasa shingo yangu. Unajua kwamba tangu mikono yangu ianze kutetemeka, mdogo wako Momanyi ndiye anayeninyoa ndevu, na uso wangu umekuwa kama kiazi kilichomenywa gizani. Mara ya kwanza mama yako alikuomba wewe. Ulirudi nyuma, ukaficha mikono yote miwili ndani ya leso, ukasema, "Mwambie Momanyi. Mimi nitamkata Tata." Nilikusikia. Msichana ambaye amefaulu mitihani yote aliyowekewa mbele yake, anaukimbia wembe kama mtu anayekimbia nyoka.

Najua hofu hiyo iliingilia wapi. Mlango niliufungua mimi.

Utakumbuka yule mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo, niliyefundisha naye fizikia, aliyekuwa na ndege ndogo ya kuongozwa kwa redio. Wanafunzi walimcheka kwa miguu yake myekundu. Lakini Jumapili alipoirusha ndege ile uwanjani, hata akina mama waliokuwa wakichuma majani chai waliweka vikapu chini. Alitufundisha sote wawili kuiongoza. Mimi mwenye shahada nilikivuta kile kijiti cha kuiongozea kama mtu anayevuta ng'ombe kutoka matopeni. Wewe ulikishika kwa ncha za vidole viwili. "Mwalimu," akaniambia, "mtoto wako hakivuti kijiti, anakiomba." Nilicheka kwa sauti mbele yake. Ndani yangu palikuwa na wivu kidogo. Ulikuwa bado unaogopa bata mzinga wa jirani, nami nikakuonea wivu. Liweke hilo akilini, maana mbele litatusaidia kuelewa.

Mkataba wake ulipokwisha alituachia mwili wa ndege, injini, na kile kisanduku cha redio chenye vijiti viwili. Mabawa yake ya mbao tuliyatundika ghalani. Siku tuliyoyashusha, rangi ya juu ilikuwa nzima, nyekundu inayong'aa, nawe ulipoyagusa kidole kikapenya. Mchwa walikuwa wamekula yote ya ndani, wakaacha rangi na udongo. Ulilia. Nikakwambia usilie, tutatengeneza mengine ambayo mchwa hawayataki.

Kabla hajaondoka, mwalimu yule alikuwa amenieleza namna mafundi wa kwao wanavyokata mabawa kutoka lile povu jeupe gumu, jepesi kama bisi, linalokuja ndani ya maboksi ili vyombo visivunjike njiani. Zahanati ilikuwa imepokea friji mpya ya kuhifadhia chanjo. Tuliomba mapande yale meupe tukapewa. Ulibeba pande moja kichwani, kubwa kuliko mlango wa jikoni, na upepo wa mlimani ukakusukuma na mzigo wako hadi mtaroni. Nilikimbia nikidhani umeumia. Nilikukuta umelala chali juu yake kama mtu aliye kwenye godoro, unacheka.

Povu halikatwi kwa kisu, linapukutika. Linakatwa kwa waya wa moto. Tulipata waya wa jiko bovu la umeme pale sokoni Daraja Mbili, tukaukaza kwenye upinde wa mwanzi, tukauunganisha na betri ya gari. Kila upande wa povu unaweka kiolezo chenye umbo la bawa ukilitazama kwa ubavuni, waya unapita juu ya violezo vyote viwili na kufuata umbo hilo. Vya kwanza nilivichonga kwa ubao. Ubao ukaungua. Waya ulipochimba kovu kwenye ubao, kovu likajichora kwenye povu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Tata," ukasema, "kwa nini tusitumie jiwe? Jiwe haliungui."

Mtoto wa nchi nyingine asingewaza hivyo. Tulikwenda Tabaka kwa mjomba wangu, mchongaji wa mawe laini ya huko, tukamwonyesha mchoro.

"Huyu ni samaki," akasema.

"Ni bawa la ndege, mjomba."

"Bawa ninalijua, nimekula kuku wengi. Huyu ni samaki asiye na jicho. Mnataka nimtie jicho?"

"Hapana, mjomba."

"Wazungu watanunua zaidi akiwa na jicho."

Alituchongea vipande vyembamba vya lile jiwe jeupe, akavisugua kwa msasa na maji hadi vikateleza kama sabuni. Waya wetu ulipita juu yake bila kushika popote. Mjomba alikufa bila kuamini kwamba si samaki.

Kazi yenyewe ilitaka watu wawili, mmoja kila upande wa upinde. Kiolezo cha shina la bawa kilikuwa kirefu, cha ncha kilikuwa kifupi, na ilitupasa kufika mwisho pamoja. Kwa hiyo tulichora alama za nambari kwenye mawe yote mawili, idadi sawa, nafasi tofauti, tukawa tunaitana. Wewe ulichagua upande mrefu, wenye haraka.

"Nne!"

"Tata, mimi niko tano!"

"Ningoje!"

"Siwezi kungoja, waya ukisimama unachimba!"

"Basi punguza!"

"Wewe ongeza!"

Tuliharibu vipande vingi. Vingine vilitoka kama ulimi wa ng'ombe, na mama yako akaja mlangoni kuuliza ni nani kati yetu ameshikwa na wazimu ili amtafutie mwingine msaada. Halafu siku moja, sijui ilikuwaje, hatukugombana. Dirisha lilikuwa wazi, moshi mwembamba ukitoka, na ndani ya chumba palikuwa na sauti zetu mbili tu zikisema nambari moja kwa pamoja. Uliinua kipande cha juu, na bawa likatoka ndani ya povu kama harage kutoka kwenye ganda. Ulipitisha kiganja juu yake. Hapakuwa na kovu wala shimo. Tulikata la pili siku ile ile, kabla bahati haijabadilika, ulisema.

Bawa lile ulilikata vizuri, Kerubo. Nimeandika sentensi hii na nitaiandika tena kabla sijamaliza.

Sasa naja kwenye lile jambo, na unaona nimezunguka sana.

Ni wewe uliyegundua habari ya solusheni. Ulitaka kushikanisha vipande viwili vya povu vilivyobaki, ukachukua ile solusheni ya kuzibia tairi za baiskeli. Nilikuwa uani. "Tata! Njoo uone! Linayeyuka kama sukari kwenye chai!" Tukachuchumaa tukatazama povu likizama na kuacha shimo lenye kingo zinazong'aa. Nikakueleza kwa nini, maana ualimu haunitoki: solusheni ina petroli ndani yake, na petroli na povu hili haviwezi kukaa pamoja. Nikaiweka kwenye rafu ya juu kabisa. Nikasema, "Hii isikaribie bawa." Maneno yangu mwenyewe.

Tulitia ufito wa mwanzi ndani ya kila bawa, tukayafunika kwa karatasi ya kaki ya mifuko ya simiti, tukaipaka ile gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji. Ilikuwa imebaki kazi ya kuyaunganisha mabawa mawili katikati. Na mimi nilikuwa nimeshatangaza. Nilitangaza shuleni, nilitangaza baada ya ibada, nilimtangazia hata jirani yetu Ombui, ambaye kumtangazia jambo ni sawa na kulipigia kengele. Jumapili, nikasema, mtaona kitu ambacho hakijatengenezwa na Mgusii tangu mababu.

"Mwalimu," Ombui akasema, "ikiruka, mimi nitaoga mara mbili kwa wiki."

"Anza kuchota maji," nikamwambia.

Unajua Ijumaa ya nyumbani kwetu. Kuni zipasuliwe, maji yajae, viatu ving'arishwe, chakula cha kesho kiive, na jua likigusa ukingo wa mlima Manga kila chombo kiwekwe chini. Ijumaa ile nilichelewa mkutanoni, na mvua ilikuwa imenyesha tangu mchana. Gundi nyeupe katika unyevu wa kilima hiki hutaka kulala usiku kucha ndipo ishike. Baada ya kushika, ilitupasa tuzungushe utepe wa karatasi juu ya kiungo, na utepe nao ulale usiku na mchana. Katikati yake palikuwa na Sabato. Jumapili isingewezekana.

Uliliona hilo kabla yangu. "Tata, turushe Jumapili ijayo. Bawa haliendi popote."

"Watu wanakuja."

"Waje wale ndizi."

"Nenda kalete mbuzi," nikasema.

Mbuzi walikuwa na Momanyi. Walikuwa karibu kiasi kwamba tuliwasikia. Nilikutuma ili usione mkono wangu ukipanda rafu ya juu.

Nilijiambia nitapaka nyembamba. Nilijiambia karatasi itazuia. Mtu aliyesoma ana hasara hii: akitaka kufanya upumbavu hukosi kumwona akijitafutia sababu nzuri. Solusheni ilishika papo hapo. Nikazungusha utepe wa karatasi juu yake, nao nikaushikanisha kwa solusheni ile ile. Uliporudi, jua lilikuwa bado halijafika mlimani.

"Imeshika?" ukauliza.

"Imeshika."

Ulinusa. "Kuna harufu ya baiskeli humu."

"Nimeziba tairi," nikasema.

Kisha tukaingia ndani, mama yako akawasha taa, tukafungua Sabato kwa wimbo kama kawaida. Mimi niliimba sauti ya chini, nawe uliimba kando yangu. Na chumba cha pili, ndani ya karatasi, povu lilikuwa likiliwa.

Usije ukailaumu Sabato. Sabato ilituagiza tupumzike. Haraka nilijiagiza mwenyewe.

Jumapili ilikuwa na anga safi iliyooshwa na mvua. Uwanja ulijaa. Nilishika ndege juu ya kichwa, nikakimbia, nikaiachia, na ikapanda. Kerubo, ilipanda! Hatujawahi kuzungumza juu ya sehemu hiyo, kana kwamba haikuwapo. Ilipita juu ya mikaratusi, ukaigeuza juu ya majani chai, tumbo lake likaonekana jeupe, na watu wakapaza sauti. Nilikutazama wewe badala ya ndege. Vidole viwili. Ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Uliirudisha kuelekea kwetu, ukaiinua pua polepole, polepole sana, nami nilikuwa nikitazama vidole hivyo na naapa havikusogea zaidi ya upana wa punje ya mtama.

Halafu ule mlio. Mabawa yalikunjana juu, yakapigana, na mwili ukashuka kama jiwe hadi katikati ya majani chai.

Kisha Ombui akasema, "Mwalimu, imejipigia makofi yenyewe!" na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Ulinigeukia. Kisanduku kilikuwa bado kifuani pako. "Tata, nimefanya nini?"

Nilikuwa na muda wa kutosha kusema ukweli. Haukuhitaji muda mrefu. Lakini watu walikuwa wakicheka, na mkuu wa shule alikuwa amesimama pale, na mimi ndiye Mwalimu. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Umevuta mno."

Watu wakaguna kwa huruma, ile huruma ya kumhurumia mtoto aliyevunja chombo cha baba. Mtu mmoja akasema, "Ni msichana, mlitegemea nini?" Nami sikumjibu.

Hilo silo baya kuliko yote. Hilo lilitoka katika haraka na aibu, na kwa haraka mtu anaweza kusema neno lolote. Baya kuliko yote lilikuja jioni, palipokuwa hapana watu wala haraka. Ulikuja mlangoni mwa chumba changu ukiwa umenawa uso. Ulisimama umeikunja mikono nyuma, ukasema, "Nisamehe, Tata."

Nikasema, "Nimekusamehe."

Unaona nilichofanya? Nilipokea ombi la msamaha kutoka kwako kama mtu anayepokea kitu chake. Nilikuwa tayari nimekwenda kwenye majani chai, nimeokota kiungo, nimepasua ule utepe na kuona pango ndani yake. Nilijua. Na bado nilikusamehe, na hata nilikushika kichwa, nikajiona baba mwema.

Siku ya soko nilikwenda Daraja Mbili nikakununulia gauni la maua. Katika nyumba niliyolelewa, mtu mzima aliyemkosea mtoto hakuwahi kutamka kitu. Baba yangu akinipiga bila sababu, jioni yake alinikatia nyama sehemu nzuri akaiweka mkononi mwangu, akaondoka. Nilijua maana yake, na nilikula. Nilidhani nawe utaelewa gauni lile. Lakini wewe hukujua kwamba umekosewa, kwa hiyo ungewezaje kuelewa? Ulidhani ni zawadi ya mtu mkarimu kwa mtoto aliyemharibia. Ulilivaa mara moja, ukanishukuru kwa kupiga magoti kidogo. Shukrani ile ndiyo iliyokuwa adhabu yangu ya kwanza.

Halafu nilianza kuona. Uliacha kuingia chumba tulichokatia mabawa. Kioo cha taa ukampa Momanyi asafishe. Ukipewa kikombe cha wageni ulikibeba kwa mikono miwili, unatembea kama mtu aliye juu ya ukuta. Nilikuwa naona, na kila mara nilijiambia kesho nitamwambia. Kesho ikawa na kazi zake. Ukaenda shule ya bweni pale Nyanchwa, ukirudi ulikuwa na vitabu na urefu mpya, na kila ulivyozidi kukua ndivyo neno lile lilivyozidi kuwa kubwa mdomoni mwangu. Hili ndilo nililojifunza, na nilichelewa: kosa dogo likiachwa halibaki palepale. Linaendelea kula, na juu yake rangi inang'aa.

Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote. Nimesahihisha makosa ya watoto wa watu kwa wino mwekundu hadi kidole hiki kikaota sugu. Nilidhani nyumba inasimama kwa sababu baba hakosei. Sasa, nikiwa mtu wa kulishwa uji, naona kwamba ilisimama kwa sababu ninyi mlibeba makosa yangu na hamkujua ni yangu.

Huko uendako watakufundisha watu waliosoma kuliko mimi. Wengine watakuwa wema. Siku moja kitu kitavunjika, na mmoja wao atakutazama kama nilivyokutazama mimi nilipoaibika, atasema umevuta mno. Huenda itakuwa kweli. Mtu anavuta mno wakati mwingine. Lakini kabla hujakubali, Kerubo, nenda ukaokote kiungo. Pasua utepe. Tazama mwenyewe. Na siku ambayo solusheni itakuwa mkononi mwako wewe, na watu wamesimama, na mdogo wako kazini anakuuliza nimefanya nini, utajua la kusema, maana umeona gharama ya kutosema.

Nilimwambia mama yako usiku ule wa maharagwe. Aliinuka pale kando ya kitanda. Kisha akasema, "Na mimi nilimwambia mtoto asilie, baba yake amemsamehe." Aliondoka, na tangu siku hiyo ndiyo anakunja sweta.

Nilikusudia kuiweka barua hii chini ya nguo zako, uikute ukiwa mbali. Nilikuwa nimeshachagua mahali. Halafu nikaona kwamba huko kungekuwa kukutuma ukalete mbuzi mara ya pili, ili usione uso wangu. Kwa hiyo nitakupa mkononi kesho, baada ya chai, nami nitakuwa nimekaa kwenye kile kiti cha mlangoni unapoisoma. Gari halitaondoka bila wewe. Chukua muda wako.

Pamoja na barua nitakupa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha lile gauni. Ndicho kiungo. Nilikificha darini mwa jiko miaka yote hii, na moshi umekigeuza rangi ya kahawa. Usikitazame kwa juu. Kigeuze, ingiza kidole katikati. Utahisi pango lenye kingo ngumu zinazoteleza. Hilo ni langu. Kisha toa kidole, ukipitishe juu ya povu kando yake, pale waya ulipopita. Hakuna kovu hata sasa. Hilo ni lako. Bawa lile ulilikata vizuri, na uliliongoza vizuri, na lilianguka kwa mkono wangu.

Ulinipa "nisamehe" moja jioni ile, ukiwa umesimama mlangoni. Nimekaa nayo kama mali ya mtu aliyesahau. Haikuwa yangu. Nairudisha mikononi mwako. Yangu mimi ni hii, nami nitaisema kwa mdomo pia: nisamehe, Kerubo. Si lazima ujibu kesho. Mimi nilijibu haraka, na unaona.

Kuna ombi moja, na unaweza kulikataa. Nimemwambia Momanyi asininyoe. Maji ya moto yatakuwa kwenye karai, sabuni iko dirishani, wembe ni mpya. Mkono wako ukitetemeka, tutahesabu pamoja kama zamani, na nikichelewa utanisubiri, au utaniambia niongeze. Mimi nitakaa tu pale mlangoni penye mwanga, nimefumba macho, nimeinua shingo.

Baba yako